Mji Mkongwe, Jambiani au Pemba: Wapi pa kwenda na wapiga picha wenzako ili urudi na picha zako mwenyewe

Mpiga picha anayeishi kwa harusi, mahafali na picha za pasipoti hubonyeza kamera mara maelfu kwa mwaka, lakini ukimwomba akuonyeshe picha kumi alizozipiga kwa ajili ya nafsi yake huenda akabaki anakuna kichwa. Ndiyo sababu mimi na wenzangu wachache tumejiwekea desturi ya kufunga kazi kwa siku tatu hadi tano tukaondoka pamoja, bila mteja, bila orodha ya picha za lazima na bila bi harusi wa kusubiriwa saluni, ili kila mtu apige anachokipenda. Safari hizo tumezifanya Mji Mkongwe wa Zanzibar, tumezifanya katika kijiji cha pwani cha Jambiani na tumezifanya kisiwani Pemba, na kwa kuwa wenzetu wengine sasa wanapanga za kwao na kuuliza waende wapi, nimeona nizilinganishe sehemu hizo tatu kwa maandishi.

Uzuri sitauweka kwenye mizani, kwa sababu kote ni kuzuri na anayekwenda popote kati ya hapo hatarudi na kadi tupu. Ninachokipima ni kama mahali panaweza kubeba wapiga picha wanne au watano kwa wakati mmoja na bado kila mmoja akarudi na picha ambayo mwenzake hana.

Kipimo hiki nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa watano Mji Mkongwe, asubuhi, kwenye baraza moja ya kahawa, na mzee muuza kahawa alikuwa amekaa na dele lake la shaba juu ya makaa, moshi ukipanda kwenye mstari mwembamba wa jua. Mmoja wetu akainua kamera, wa pili akachuchumaa, wa tatu akapanda juu ya baraza ya jirani, na mimi na mwenzangu tukajibanza ukutani tukitafuta upenyo kati ya vichwa. Mzee akaweka finjani chini, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, “Wanangu, mmekuja kunywa kahawa au mmekuja kuninywa mimi?” Tulicheka, tukamwomba radhi, tukakaa tukanywa. Usiku tulipozifungua picha kwenye kompyuta tukajikuta na mzee mmoja, dele moja na moshi mmoja, mara tano, na tofauti pekee ilikuwa urefu wa lenzi.

Kosa lilikuwa letu, lakini mji ule nao hausaidii kundi. Vipo vichochoro ambavyo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, na ndani ya kichochoro cha namna hiyo kamera moja ni mgeni, kamera tano ni uvamizi. Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wenyeji wake wamepigwa picha na kila aina ya mgeni, kiasi kwamba wengi wameshajifunza kugeuza uso kabla hujainua mkono. Vitu visivyogeuza uso, yaani milango ya kuchonga yenye njumu za shaba, ngazi za mbao na madirisha ya rangi, vimepigwa na kila mtu kabla yako. Sisemi mlango usipigwe. Nasema kwamba mlango ni picha ya fundi aliyeuchonga zaidi kuliko yako, na ukienda na wenzako wanne mtarudi na milango mitano inayofanana.

Jambiani ni kinyume chake. Maji yanapopwa, bahari huondoka kuelekea kwenye miamba iliyoko zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, ikaacha uwanda wa mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani ambamo watu watano wanaweza kutawanyika mpaka kila mmoja amwone mwenzake kama nukta. Hakuna anayeingia kwenye fremu ya mwingine kwa bahati mbaya. Hata hivyo nafasi kubwa haileti mada nyingi, kwani katika uwanda ule vitu vya kupigwa ni vichache na vinajirudia: kinamama wa mwani, ngalawa iliyokaa mchangani, vijana wanaocheza mpira kwenye mchanga mgumu, na mtu anayetembea peke yake kuelekea upeo wa macho. Mpiga picha mwenye subira hulipenda jambo hili, kwa sababu uchache wa vitu humlazimisha afikirie alipo na mahali anapoikata fremu. Asiyekuwa na subira huishiwa siku ya pili, akaanza kuwapiga picha watalii wanaoteleza majini kwa tiara pale Paje, kisha akalalamika kwamba anga lote limejaa tiara.

Pemba ina nafasi ya namna nyingine. Kisiwa kile ni cha vilima na mabonde yanayofuatana, na ukishuka bonde moja huku mwenzako akikata kushoto kwenye mwinuko, baada ya dakika kumi hamuonani wala hamsikiani. Hapa ndipo tulipoweza kufanya jambo ambalo kwingine halikuwezekana: gari lilitoka Chake Chake asubuhi kuelekea Wete, likamshusha mmoja wetu kila baada ya kijiji kimoja au viwili, likarudi kuwaokota alasiri kwa mpangilio uleule. Jioni hakuna aliyekuwa na picha ya mwenzake. Mmoja alikuwa ameshinda kwenye kibanda cha fundi baiskeli, mwingine kwenye mikoko akisubiri mitumbwi, na wa tatu alikiri kwamba alikuwa amekula chakula cha mchana kwa watu asiowajua na kupiga picha nne tu. Zile nne ndizo zilizokuwa bora kuliko zetu zote.

Nije kwenye mwanga, ambao wengi huamini kwamba unafanana popote visiwani kwa sababu jua ni lilelile. Ni kweli kwamba hapa petu, karibu digrii sita kusini mwa ikweta, alfajiri na magharibi hupita upesi. Huna ile saa nzima ya mwanga laini ambayo vitabu vya nchi za baridi vinaizungumzia, bali una dakika chache baada ya jua kuchomoza na chache kabla halijazama. Siku za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, na uso wa mtu hupata vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua. Tofauti ya sehemu hizi tatu iko katika namna kila moja inavyolipokea jua hilo.

Mji Mkongwe hulipokea kwa kuta. Saa sita mchana, wakati Jambiani hakuna picha ya kupiga isipokuwa ya mwavuli, mwanga unaoshuka kwenye kichochoro hugonga ukuta wa chokaa upande mmoja na kurudi laini upande wa pili, na mtu aliyesimama kwenye kivuli hicho huangaziwa vizuri kuliko katika studio nyingi nilizowahi kufanya kazi. Hili ndilo fungu kubwa la Mji Mkongwe, na ajabu ni kwamba wengi hulala saa hizo wakisubiri jioni ya Forodhani, bustani iliyo ufukweni mwa mji. Nayo jioni ina haki yake, kwa kuwa mji unaelekea magharibi na vijana wanaochupa baharini kutoka ukutani huwa na jua nyuma yao. Lakini pale Forodhani utakuwa wewe, wenzako na umma mzima. Kumbuka pia kwamba sura ya ufukwe ule imebadilika tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la masultani, ilipoporomoka Desemba 2020, kwa hiyo anayekuja na picha ya zamani kichwani ataitafuta bure.

Jambiani iko pwani ya mashariki, hivyo jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi ya kijiji. Lakini kinachotawala kule ni bamvua, na jua linakuja baada yake. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa sana na kujaa sana, na kwa bahari yetu kupwa kwa bamvua kwa kawaida huangukia kama saa nne asubuhi. Maana yake ni kwamba siku ambayo kinamama wengi wa mwani wako shambani na bahari imeondoka mbali kabisa, jua tayari liko juu na mchanga mweupe unalirudisha machoni. Kwa vile kupwa huchelewa zaidi ya nusu saa kila siku, sisi tumejifunza kufika siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji jedwali la maji: akifika tarehe 12 au 13 ya mwezi, maji yatakuwa yamepwa kati ya saa mbili na saa tatu, mwanga bado unainama, na kila siku inayofuata itamwondolea kidogo. Akifika wakati wa maji mafu atakuta bahari haitoki sana wala haiingii sana, na kinamama wengi wana shughuli nyingine nyumbani. Nimemwona mwenzetu akilipa nyumba ya siku nne bila kutazama mwezi, akarudi na picha za paka.

Pemba hulipokea jua kwa majani. Chini ya mikarafuu, miembe na minazi mwanga huja kwa vipande, na vipande hivyo vina ukijani unaoichafua rangi ya ngozi. Anayepiga kwa kutegemea kamera ipime rangi yenyewe atashangaa jioni kuona kila mtu ana sura ya mgonjwa. Dawa yake ni kuweka kipimo cha rangi kwa mkono, au kumwomba mtu asogee ukingoni mwa kivuli, karibu na ukuta wa udongo au ua lililofagiliwa, ambapo ardhi nyekundu hurudisha joto kidogo usoni. Kwa upande mwingine, mawingu ya Pemba na miti yake hukupa saa nyingi zaidi za kufanya kazi kuliko Jambiani, na nafuu hiyo si ndogo kwa mtu mwenye siku chache.

Suala la watu ndilo zito zaidi, kwani picha binafsi isiyo na ridhaa ya mwenyewe ni wizi wenye kamera. Mji Mkongwe ridhaa hupatikana haraka au haipatikani kabisa: unatoa salamu, unaonyesha kamera, unajibiwa ndiyo, hapana, au unatajiwa bei. Kuzungumza Kiswahili hukusaidia mpaka pale wenzako wanne wanapotokea nyuma yako. Jambiani ridhaa hupatikana kwa kufanya kazi. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Wao hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi, wakavuna baada ya wiki sita hivi, wakiwa wameinama kwenye maji ya moto ya asubuhi kwa saa kadhaa. Bibi mmoja niliyempa shikamoo nikiwa nimesimama mchangani na lenzi ndefu aliitikia marahaba, kisha akaniambia, “Mwanangu, ingia majini kwanza, hiyo kamera yako itakuja nyuma yako.” Niliingia, nikafunga kamba mbili vibaya, akazifungua akazifunga upya, na baada ya hapo hakujali tena nilikuwa napiga nini. Lenzi ndefu haikufanya kazi tena siku ile.

Pemba ridhaa hupatikana kwa kujulikana. Utaulizwa unatoka wapi, mwenyeji wako nani, na umekuja kwa shughuli gani, na maswali hayo si ya kukufukuza, ni ya kukuweka mahali pako. Kundi la watu wenye kamera kubwa linaloingia kijijini bila kupita kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lile, linajitafutia nusu siku ya maelezo, ilhali likipita kwa sheha asubuhi hupewa hata kijana wa kuwaongoza. Kwa wanawake, hasa ndani ya nyua, wanaume wa kundi letu hawakuinua kamera kabisa. Mwenzetu wa kike aliingia, akakaa, akatoka na picha ambazo sisi hatungezipata hata tungekaa mwezi mzima. Kundi lisilo na mpiga picha mwanamke lijue kwamba Pemba litaona nusu ya kisiwa tu. Bandari, kambi na majengo ya ulinzi hayapigwi popote, na droni isiyo na kibali ibaki nyumbani.

Karafuu zastahili neno lake pembeni, kwa kuwa ndizo zinazofanya baadhi yetu tung'ang'anie Pemba. Zikiwa msimu, utaona majamvi yameanikwa uani, barazani na pembezoni mwa barabara, karafuu zikigeuka kutoka kijani na wekundu kwenda hudhurungi siku baada ya siku, na jioni familia nzima imekaa ikichambua karafuu na kutenga makonyo, yaani vijiti vyake. Hiyo ni kazi ya mikono na mazungumzo, na mpiga picha aliyekaa chini kuchambua nao hupata nyuso zilizosahau kwamba yupo. Lakini mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Upo mwaka wa neema na upo mwaka wa mapengo, hivyo piga simu kwa mwenyeji kabla ya kukata tiketi. Wachumaji walioko juu ya miti usiwaite wakutazame. Tawi la mkarafuu si la kuchezewa, na picha haifai kumgharimu mtu mguu.

Kuhusu hali ya hewa sina mengi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufaa Mji Mkongwe peke yake, ambako mvua hukupa mawe yanayong'aa na baraza za kujikinga. Kusi huipiga pwani ya mashariki kwa upepo unaoingiza mchanga kwenye kila pete ya lenzi. Mwezi wa Ramadhani usiupangie safari ya aina hii popote, isipokuwa unafunga pamoja na wenyeji na umealikwa kufuturu.

Safari nayo ina hesabu zake. Mji Mkongwe unashuka boti na kutembea kwa miguu hadi ulipofikia. Jambiani ni saa moja na kitu kwa gari kutoka mjini, na mtu anaweza kurudi usiku uleule akiitwa na mteja, jambo ambalo kwangu ni kasoro, kwa sababu mteja akijua unaweza kurudi atakuita. Pemba ni ndege ya nusu saa hivi au saa kadhaa baharini, na mara ukishafika umefika. Simu za harusi hupungua zenyewe. Kwa vifaa, Mji Mkongwe nilitumia lenzi ya milimita 35 pekee nikaridhika, Jambiani nilihitaji mfuko usiopitisha maji na viatu vya kuingilia baharini kwa ajili ya wanyama wenye miiba, na Pemba nilijuta kutobeba betri ya tatu.

Kuna picha za aina moja ambazo hakuna aliyezipanga katika safari yoyote kati ya hizi, nazo ni za sisi wenyewe. Mji Mkongwe hatukupigana picha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimkwepa mwenzake siku nzima na usiku kila mtu alitoka kivyake. Jambiani tulikaa kwenye baraza ya nyumba wakati wa jua kali, tukapigana picha tukiwa tumelala, tumechoka, mmoja akisafisha lenzi kwa kanzu yake huku tukimpigia kelele. Pemba, katika nyumba moja ya Wete umeme ulipokatika, nilimpiga mwenzangu akisimulia kuhusu baba yake, uso ukiangazwa na simu iliyowekwa chini ya chupa ya maji. Kama mtu anataka safari ya kuwajua wenzake na kuwapiga picha kwa namna ambayo kazi ya harusi haiwaruhusu, basi nyumba ni muhimu kuliko mandhari, na nyumba za kukaa pamoja, zenye uani na baraza, zinapatikana kwa urahisi zaidi Jambiani na Pemba kuliko katika nyumba za wageni za mjini zenye vyumba vilivyofungana.

Kwa hiyo, anayeuliza nimpe jibu la moja kwa moja namjibu hivi. Ukiwa na siku mbili na mwenzako mmoja, nenda Mji Mkongwe, gaweni mitaa, mmoja Malindi na Darajani, mwingine Shangani na Mkunazini, mkutane usiku tu. Na mtakapopita Barabara ya Kenyatta kumbukeni Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mtu aliyepiga picha za watawala na bado akapata wakati wa kupiga mitaa na watu wa kawaida. Ukiwa na siku tatu na kundi la watu ambao hawajazoeana, chagua Jambiani, kwa sharti kwamba umetazama mwezi. Ukiwa na siku nne au zaidi, na watu wanaoweza kuvumilia siku ya kwanza isiyo na picha hata moja, chagua Pemba, na usizidishe watu wanne, kwa sababu wa tano hukosa kijiji cha kushushwa na mwishowe hubaki kwenye gari akizungumza na dereva.

Sisi mwaka huu tumeshapatana Pemba, siku tano, tukifikia Wete. Tumechapisha picha za safari iliyopita, kila aliyepigwa na yake ndani ya bahasha, ili siku ya kwanza iwe ya kuzigawa kabla kamera hazijatoka mikobani. Tutakwenda wanne. Wa tano ana harusi Jumamosi.